Usukani Mwepesi Hutegemea Injini

Ndugu mkulima,

Matrekta mengi ya zamani yaligeuzwa kwa nguvu za mikono tu. Dereva aliyeyazoea alizima injini kwenye mteremko ili aokoe dizeli. Hata wakati ule ilikuwa hatari. Kwa trekta lenye usukani wa mafuta, hatari imezidi.

Usukani huo ni mwepesi kwa sababu injini huzungusha pampu, nayo pampu husukuma mafuta. Injini ikizimika, pampu husimama. Usukani huwa mzito ghafla, na tela la pamba linakusukuma korongoni. Basi, ukishuka miteremko yetu ya mawe hapa Mwanza, ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, na injini iache inguruma.

Pima mafuta kila asubuhi, trekta likiwa mahali tambarare. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia: yamwage, tafuta yalipoingilia, tia mapya. Usishikilie usukani uliokatwa hadi mwisho. Mafuta hupata moto na pampu huchakaa. Bomba likivuja, usipapase kwa mkono, maana mafuta yanayosukumwa kwa nguvu hupenya ngozi. Zima injini kwanza.

Dizeli hununuliwa, ndugu, uhai haununuliwi. Kazi njema.