Chujio la kompyuta halitupi machicha

Mwezi Septemba 2008, benki ya Barclays ya Uingereza ilipokuwa ikinunua biashara ya Marekani ya Lehman Brothers iliyofilisika, mawakili wake walipeleka mahakamani New York orodha ya mikataba. Mikataba 179 isiyotakiwa ilikuwa imefichwa tu kwenye jedwali la Excel. Jedwali lilipogeuzwa kuwa PDF, ikajitokeza kama iliyonunuliwa.

Tunawakumbusha wasomaji wetu wanaoandaa ripoti za mauzo: kuchuja takwimu nako ni kuficha mistari, si kuifuta. Hata jumla hutofautiana. SUM hujumlisha hadi iliyochujwa. SUBTOTAL huihesabu inayoonekana pekee.

Basi tukiletewa ripoti ya tawi moja, tuulize kwanza kilichochujwa ni kipi. Mkamua nazi hujua machicha yalipo.