Chambo cha mionzi

Juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali, jina la asili ya Kilatini linalotuambia tu kwamba iko karibu na figo. Kazi yake halitaji. Tezi hiyo hutoa homoni, na mojawapo, aldosteroni, ikizidi, shinikizo la damu hupanda. Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alilieleza jambo hilo mwaka 1955. Ikiwa kasoro iko katika tezi moja, ikiondolewa mgonjwa aweza kupona. Ikiwa katika zote mbili, atategemea vidonge. Daktari ataujuaje upande?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, William Beierwaltes na wenzake, hukohuko Michigan, walitumia hila. Adrenali hutengeneza homoni zake kutokana na kolesteroli. Basi wakaiambatisha kolesteroli na iodini nururifu, yaani itoayo mionzi. Tezi ikaimeza bila kushuku, na kamera ikaiona. Tatizo ni kwamba picha ilingojewa siku kadhaa. Baadaye watafiti wa Uppsala, Uswidi, waliitia kaboni-11 katika metomidati, kemikali inayong'ang'ania vimeng'enya vya tezi hiyo, na picha ikapatikana chini ya saa moja.

Hapa ndipo sisi watu wa lugha tunapopaswa kuitwa. Kitu hicho husikika kikiitwa "dawa ya mionzi", nami silikubali jina hilo. Dawa hutibu, hiki huonyesha tu. Mgonjwa asiyeelezwa zaidi ya hapo hutia sahihi kwa hofu, au hukataa kabisa. Ningependelea "chambo cha mionzi", ambacho mvuvi wa Lamu angekielewa mara moja. Mtaniambia chambo huua. La, ndoana ndiyo iuayo.

Na chambo chenyewe huchacha upesi. Kaboni-11 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 20. Hospitali ya Aga Khan, Parklands, ina saiklotroni, mtambo wa kuundia atomu za namna hiyo. Tuseme chambo cha kaboni kimetengenezwa hapo, kipelekwe Hospitali ya Kenyatta saa kumi na moja jioni: gari likiwa lingali linasukumana Museum Hill, nusu imekwisha kutoweka. Ndiyo maana watafiti wameigeukia florini-18, ambayo huchukua dakika 110 kupungua kwa nusu. Muda huo watosha kufika Kenyatta hata siku ya mvua.