Okapi wa Ituri kule Florida: namna familia ya Kikongomani inaweza kufika Disney bila kuingia deni

Picha inafika kwenye WhatsApp usiku, saa za Uvira au Goma. Watoto wamevaa kofia yenye masikio ya panya, wanacheka, na nyuma yao kuna lori la wazi lililojaa wageni. Anayeipokea huku nyumbani anasema moyoni: hawa sasa wametajirika. Kesho yake anaandika kuomba minerval ya mtoto au dawa ya mzee. Asichokiona kwenye picha ni mwaka mzima wa kuweka dola pembeni, wiki baada ya wiki, na mabishano ya wazazi kama ilifaa kwenda ama kutuma pesa hiyo Kongo.

Wakongomani wanaosema Kiswahili ni wengi sasa Marekani. Mwaka wa fedha 2023 peke yake, nchi hiyo ilipokea wakimbizi zaidi ya 18,000 kutoka DRC, na wengi wao wana mizizi ya mashariki. Watoto wao wanasoma na wenzao ambao kila vakansi wanarudi na habari za Disney World, kule Orlando, jimbo la Florida. Swali linaingia nyumbani: na sisi, lini?

Jibu halipo kwenye mlango wa parki. Lipo kwenye karatasi ya hesabu, miezi mingi kabla ya safari.

Parki moja, siku moja

Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Leo ina parki kubwa nne: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Kila moja inataka siku yake na tiketi yake. Kosa la kwanza la familia yenye pesa kidogo ni kutaka kuona zote. Anayechagua moja, akaiona vizuri kuanzia asubuhi hadi jioni, anarudi na watoto waliofurahi na mfuko ambao haujatoboka.

Kwa familia ya kutoka mashariki mwa Kongo, Animal Kingdom ina sababu zake. Ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Kwa kawaida ndiyo yenye tiketi ya bei ya chini kati ya zile nne. Na ndani yake kuna kijiji cha kubuniwa kinachoitwa Harambe, ambacho wajenzi walikiiga kwa majengo ya Lamu, kule pwani ya Kenya. Jina lenyewe ni neno letu, harambee, limepotea e moja njiani. Kuna maandishi ya Kiswahili ukutani, na mtoto anayeona haya kusema lugha ya mama yake darasani anakuta watu wamelipa ili kuisoma.

Toka Harambe, malori ya safari yanaingia mbugani kwa muda wa karibu dakika 20, na bei yake imo tayari ndani ya tiketi ya mlango. Sehemu ya kwanza ya njia inaitwa Little Ituri Forest, yaani msitu mdogo wa Ituri. Humo ndimo anapoishi okapi.

Okapi wa porini hayupo nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Kongo. Jina lake tunalisikia kila siku kwa Radio Okapi, na sura yake iko kwenye alama ya ICCN. Lakini ni watoto wangapi wa Bukavu, Beni au Kalemie waliowahi kumuona kwa macho? Barabara ya kwenda Epulu si ya kupeleka watoto kutembea. Mwezi Juni 2012 watu wenye silaha walishambulia kituo cha Epulu, wakaua watu, na okapi wote 14 waliotunzwa pale walikufa. Kwa mtoto aliyezaliwa kambini au Marekani, huenda lori la Florida ndilo litakalomuonyesha kwa mara ya kwanza mnyama wa nchi ya wazazi wake.

Miguuni kuna njia nyingine ya kutazama sokwe wakubwa, ambayo nayo hailipiwi zaidi. Mwenye asili ya Bukavu ajue tu kwamba hao ni gorila wa magharibi, si ndugu za wale wa Kahuzi-Biega.

Tarehe ndiyo bei

Bei ya tiketi hubadilika kwa siku na kwa parki. Kwa mwaka 2025, tiketi ya chini kabisa ya siku moja, Animal Kingdom, ilikuwa dola 119 kabla ya kodi. Siku za Noeli, Magic Kingdom ilifika dola 199. Kodi ya mauzo pale ni asilimia 6.5.

Tuchukue mfano wa familia ya watu watano wanaoishi Louisville, Kentucky: baba, mama, mtoto wa miaka 11, mwingine wa 7, na wa mwisho wa miaka 2. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 3 haingii kwenye hesabu, anapita bure. Kuanzia miaka 10 mtoto analipa kama mtu mzima. Wa miaka 3 hadi 9 anapunguziwa dola chache tu. Kwa hiyo tiketi ni nne. Kwa dola 119 kila moja, pamoja na kodi, hazizidi dola 507. Kwa dola 199 zinafika 848. Kuchagua siku peke yake kunaacha karibu dola 340 mfukoni.

Siku nafuu kwa kawaida ni za katikati ya wiki, hasa mwisho wa Agosti na mwezi Septemba, na tena mwisho wa Januari zikikwepwa sikukuu. Shida ni kwamba shule zinakuwa wazi. Mzazi aulize shule mapema kama mtoto anaweza kukosa siku mbili, asije akapata barua ya utoro. Tena Septemba ni majira ya vimbunga Florida, kwa hiyo hoteli ichaguliwe ile inayorudisha pesa ukiahirisha.

Siku ya kuzaliwa nayo ina bei yake. Familia yenye mtoto anayekaribia miaka 3 au 10 itazame kalenda: wiki mbili kabla ya sikukuu yake zinaweza kuokoa kitu.

Tiketi za barabarani

Kwenye njia kubwa namba 192 ya Kissimmee, karibu na Disney, kuna vibanda vinavyotangaza tiketi za bei ya kutupa. Vingi vinaficha sharti: ukae saa kadhaa ukisikiliza watu wanaouza haki ya kutumia nyumba ya likizo wiki fulani kila mwaka. Wauzaji hao wamefundishwa kutokubali hapana. Mtu ambaye Kiingereza chake bado ni cha kujifunza anaweza kutoka pale ameshasaini deni la miaka.

Wengine wanauza tiketi ya siku nyingi iliyokwisha kutumika siku moja au mbili. Sheria ya Florida inakataza kuuza tiketi ya namna hiyo, na mlangoni parki hupima alama ya kidole, kwa hiyo ya mtu mwingine haikupeleki popote. Tiketi inunuliwe kwa Disney yenyewe au kwa muuzaji aliyeidhinishwa nayo, na risiti ihifadhiwe kwenye simu.

Kulala, kula na njia

Kutoka Louisville hadi Orlando ni karibu kilomita 1,400, saa 13 za kuendesha bila kuhesabu kusimama. Gari linalokwenda maili 25 kwa galoni litatumia kama galoni 70 kwenda na kurudi. Galoni ikiwa dola 3, ni dola 210. Kwa watu watano, ndege ni vigumu kuishinda bei hiyo.

Lakini kuna jambo ambalo hesabu haionyeshi. Wengi wetu kule tunafanya kazi za usiku, kwenye maghala na viwanda vya nyama. Kutoka kazini alfajiri na kushika usukani wa saa 13 ni kutafuta kifo. Wawe madereva wawili wenye leseni, au safari ianze baada ya usingizi wa kweli. Viti vya watoto ni lazima njia nzima.

Hoteli za Kissimmee ni nafuu kuliko za ndani ya Disney. Tuseme chumba ni dola 80 kwa usiku. Kodi pale hufika asilimia 13.5, hivyo siku mbili ni dola 182. Kabla ya kulipa, mtu aulize mambo matatu: kama kuna ada nyingine ya kila siku ambayo haikuandikwa kwenye bei, kama maegesho ni bure, na kama kuna jiko dogo na friji. Familia mbili za kanisa moja zinaweza pia kukodi nyumba pamoja na kugawana. Anayelala nje ya Disney ahesabu na maegesho ya parki: mwaka 2025 yalikuwa dola 30 kwa gari dogo.

Chakula ndicho kinachovunja familia nyingi, kwa sababu kinalipwa kidogo kidogo bila mtu kujumlisha. Wengi hawajui kwamba Disney inaruhusu kuingia na chakula chako, mradi usibebe chupa za kioo wala pombe. Mandazi, chapati, mayai ya kuchemsha, kuku wa kukaanga na ndizi vinakaa vizuri kwenye mfuko. Mwenye duka la Kiafrika karibu abebe kwanga, ambayo haihitaji moto. Bugali na sombe vitangoja hotelini. Maji ya baridi kwa kikombe hutolewa bure kwenye vibanda vinavyouza vinywaji. Ni kuomba tu. Kofia, makoti ya mvua na vitu vya kuchezea vinunuliwe nyumbani kwenye maduka ya bei ndogo, kwa sababu mvua ya mchana Florida haikosekani majira ya joto, na ndani ya parki koti ni bei nyingine.

Kuamka mapema ni bure

Zamani Disney ilikuwa na njia ya kukata foleni bila malipo. Iliondolewa, na tangu 2021 njia ya haraka inalipiwa, kila mtu kichwa chake. Familia ya mfano wetu haiihitaji. Ikifika mlangoni nusu saa kabla ya kufunguliwa, itapanda asubuhi vile ambavyo wengine watavingoja saa nzima mchana. Wanyama nao huonekana zaidi asubuhi, kabla ya jua kali kuwafukuza vichakani. Okapi ni mnyama wa kujificha. Asipoonekana mara ya kwanza, lori linaweza kupandwa tena jioni bila senti ya ziada.

Kwa mchezo ambao mtoto wa miaka 2 haruhusiwi, wazazi waombe kupokezana: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila wa pili kuanza foleni upya.

Jumla

Tiketi 507, hoteli 182, mafuta 210, maegesho 30, na chakula cha sokoni cha siku tatu, tuseme 120. Jumla ni dola 1,049. Kwa mshahara wa chini wa Kentucky, dola 7.25 kwa saa, hizo ni saa 145 za kazi. Anayetazama picha huku nyumbani azihesabu saa hizo kabla ya kusema wametajirika.

Zikigawanywa kwa wiki 52, ni dola 20 na senti kila wiki. Hapo ndipo likelemba inaposaidia. Kundi la familia tano zinazoaminiana, kila moja ikijua mwezi wake wa kupokea, linaweza kufikisha wote bila kadi ya benki yenye riba. Safari inayolipwa kwa kadi na kubaki deni la miaka miwili haikuwa safari ya bei nafuu, hata kama tiketi ilikuwa ya chini.

Na kwa wale wanaotuma pesa Kongo kila mwezi, jambo moja linaepusha maneno: kusema mapema. Mzee akijua toka mwanzo kwamba mwezi fulani msaada utapungua kwa sababu watoto watatembea, atasikia uchungu kidogo. Akijua kwa picha, atasikia ametupwa.

Kama Florida ni mbali mno

Dola 1,049 zisipopatikana, watoto hawajakosa kila kitu. Kama saa moja na nusu kutoka Louisville, katika mji mdogo wa Santa Claus, jimbo la Indiana, kuna parki iitwayo Holiday World, iliyofunguliwa mwaka 1946. Pale maegesho ni bure, vinywaji baridi ni bure siku nzima, hata mafuta ya kukinga jua ni bure. Familia inaondoka asubuhi na kulala kwake usiku. Hoteli haipo kwenye hesabu.

Okapi pia hayupo. Ndiyo maana wengine watachagua kungoja mwaka mmoja zaidi na kwenda Florida. Wakifanya hivyo, kuna maandalizi moja yasiyo na gharama: jioni ya kabla ya safari, mtoto apigishwe simu na babu au nyanya aliyeko Kongo, amuulize okapi ni mnyama gani na anaishi wapi. Halafu picha ya kwanza itakayorudi WhatsApp iwe ya okapi, na aliyeko Uvira au Goma atakuwa na neno la kujibu kabla ya kuomba pesa.