Zebaki, vimeng'enya na kikombe cha maziwa

Katika vikao vya kamati za sharika zilizo jirani na machimbo, swali moja hurudi kila mara: je, maziwa yanaondoa sumu ya zebaki? Wapo wachenjuaji wa Geita na Shinyanga wanaokunywa kikombe baada ya kuchoma dhahabu, wakiamini wamejisafisha. Ili tulijibu, inabidi kwanza tueleze zebaki inashika wapi mwilini.

Kila seli hufanya kazi kwa msaada wa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za mwili. Baadhi huhitaji madini. Zinki, kwa mfano, hukaa mahali pake ndani ya kimeng'enya na kukiwezesha kufanya kazi. Zebaki haina kazi yoyote mwilini, ila hung'ang'ania salfa, na zaidi seleni, na vimeng'enya vingi vina mojawapo ya hizo katika sehemu inayofanya kazi. Ikishika hapo haiachii kirahisi. Ni kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kufuli: kufuli lipo, lakini mlango haufunguki. Kimojawapo kinachozibwa hivyo ni thioredoksini ridaktesi, ambacho huzilinda seli zisichakazwe na kemikali zitokanazo na oksijeni.

La kushangaza ni kwamba mvuke wenyewe haushiki hivyo. Ukivutwa, takribani asilimia 80 hubaki mwilini, huingia kwenye damu na kupita hadi ubongoni, na kwa mama mjamzito hadi kwa mtoto. Huko kimeng'enya chetu wenyewe, katalesi, huugeuza kuwa zebaki yenye chaji. Hiyo ndiyo inayoshika.

Mwaka 2003, chini ya mradi wa UNIDO, wataalamu waliwapima wakazi wa Rwamagasa, Geita. Walioathirika zaidi walikuwa wale wanaochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki. Baadhi walitetemeka na kushindwa kuratibu viungo.

Basi maziwa? Hupita tumboni, wakati mvuke umepita mapafuni na tayari umeshika. Dawa za hospitali kama DMSA husaidia kwa sababu zenyewe zina salfa ya kuivuta zebaki, lakini haziitoi vizuri ubongoni. Maziwa ni chakula kizuri. Yanyweni kwa sababu hiyo.

Wafadhili wetu huuliza kwa nini tunafundisha matumizi ya retoti badala ya kukataza zebaki kabisa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mkataba huo unalenga kupunguza zebaki kwa wachimbaji wadogo na, inapowezekana, kuiondoa. Mchimbaji ana watoto wa kulisha wiki hii. Retoti ni chombo cha chuma kilichofungwa: mvuke hupita kwenye bomba, hupoa na kurudi kuwa zebaki inayotumika tena, kwa hiyo anaokoa na fedha.

Mkataba huo huo unataka kukomeshwa kwa uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu. Kwa maoni yangu kamati zianzie jikoni, na kwanza katika nyumba zenye mama mjamzito.