Wenye Hisa wa Mpaka Usiotulia

Nilikwenda Mzumbe kwa shughuli nyingine kabisa, ya kuandika habari za vijana wanaojifunza kununua hisa kwa akiba ndogo wanayoichuma katika ndizi na mboga zishukazo kutoka milima ya Uluguru, na kama nisingalifikishwa barazani kwa mwalimu mmoja mstaafu wa uhasibu, ambaye ameniomba nisilitaje jina lake, makala hii ingalihusu gawio la mabenki na bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam, mambo ambayo msomaji wa gazeti hili amekwisha kuyasoma mara nyingi.

Mwalimu huyu alifundisha tangu zama za IDM, chuo kilichoundwa mwaka 1972 juu ya misingi ya shule iliyofunguliwa 1953 kuwafunza watumishi wa serikali za mitaa, nacho kikapanda daraja mwaka 2001 kuwa Chuo Kikuu Mzumbe. Amestaafu, lakini hajaacha kufundisha. Jioni huwakusanya vijana nyumbani kwake Changarawe, nao humwamkia, huketi mkekani, na kufunzwa jambo ambalo yeye huliona ndilo asili ya elimu yote ya fedha, yaani namna ya kuisoma taarifa ya mwaka ya kampuni kuanzia nyuma. Kurasa za mbele, asema, ni picha na salamu za mwenyekiti. Kurasa za nyuma, zilizochapwa kwa herufi ndogo ambazo mwenye haraka hazisomi, ndimo yalimo madeni yanayoweza kuzuka na hatari zinazoweza kuifilisi kampuni. Kampuni itakayo kuuza hisa zake kwa umma katika soko kama lile la London hulazimishwa na sheria kuzitaja hatari hizo moja baada ya moja katika waraka wake wa matarajio, na ndiyo maana katika waraka wa kampuni ya mafuta utaikuta vita, na kubadilika kwa kodi, na kupinduliwa kwa serikali, na mzozo wa mpaka, kila kimoja kikiwa na aya yake fupi, vimefuatana kana kwamba vyote vina uzito mmoja.

Lakini kilichonikamata jioni ile ni mstari mrefu wa chaki uliopindapinda ubaoni kutoka kusini hadi kaskazini, na mwisho wake, palipochorwa duara la ziwa, nukta moja. Nikamwuliza, Mwalimu, huu ni mto gani? Akaniita mwanangu, kama ilivyo ada ya wazee wa huku, akaniambia kwamba mstari ule ni mto Semliki, na nukta ile ni kisiwa cha Rukwanzi, na kwamba kwa rai yake mtu asiyeujua mstari ule na nukta ile hana haki ya kujidai kwamba anaelewa maana ya kuwekeza katika mafuta ya Afrika Mashariki.

Semliki hutoka Ziwa Edward, ukapita chini ya milima ya Rwenzori, ukaingia Ziwa Albert upande wa kusini. Mwaka 1915 Waingereza na Wabelgiji waliafikiana kwamba sehemu ya chini ya mto huo iwe mpaka baina ya Uganda na Kongo, na kwamba mbele yake mpaka upite katikati ya ziwa. Na juu ya karatasi maafikiano hayo yalikuwa safi kabisa. Ila mto haukuwamo katika maafikiano. Maji yashukayo kutoka milimani huujaza na kuusukuma. Mifugo iliyokwisha kuzila nyasi za kingo zake huuacha udongo mtupu. Ukingo humegeka, mto ukahama, na mfugaji aliyezaliwa Uganda akajikuta, baada ya miaka kadhaa na bila ya kuhama hata hatua moja, anayatazama malisho ya baba yake ng'ambo ya maji, katika nchi nyingine. Mwalimu alitumia muda mrefu sana hapa. Aliufuta mstari kwa kiganja akauchora tena pembeni kidogo, akaufuta tena, akauchora tena, mpaka ubao ukajaa ukungu wa chaki na mito mitatu hafifu inayopitana, kisha akawauliza vijana ni upi kati ya hiyo ulio mpaka; na mmoja aliposema kwamba ni wa mwisho, mwingine akasema la, ni wa kwanza, kwa kuwa ndio uliokuwako mkataba ulipotiwa sahihi, Mwalimu hakumsahihisha yeyote kati yao, akasema tu kwamba wanasheria wa mataifa mawili nao wameyasema hayo hayo.

Rukwanzi iko karibu na mahali mto unapoingia ziwani. Ni kisiwa kidogo cha wavuvi, ambao wengine hutoka upande huu na wengine upande ule, na katika miaka yote ambayo kisiwa hicho kilitoa samaki tu hapakuwa na waziri aliyepoteza usingizi kwa ajili yake. Si kwamba mafuta hayakujulikana. E. J. Wayland, mwanajiolojia wa serikali ya kikoloni, aliandika juu ya mafuta yachuruzikayo kandokando ya ziwa hilo tangu miaka ya 1920, na kisima cha kwanza kilichimbwa Waki mwaka 1938. Lakini ugunduzi wenye thamani ya biashara ulitangazwa mwaka 2006, na tangu hapo nukta ile ya chaki ikaanza kuandikwa katika nyaraka za London.

Miongoni mwa makampuni yaliyokuwapo ilikuwamo Heritage Oil, iliyokuwa na nusu ya Kitalu 3A upande wa Uganda, na nusu ya pili ikiwa ya Tullow Oil. Hapa Mwalimu aliinua kidole. Mwaka 2006 makampuni hayo mawili yalitia sahihi mkataba na serikali ya Kinshasa pia, kwa vitalu vya upande wa pili wa ziwa lile lile, hata yakawa na miguu katika kingo zote mbili za mpaka usiotulia. Mtu aliyenunua hisa zao alidhani, na pengine kwa busara, kwamba mpaka ukienda huku au ukienda kule yeye hatapungukiwa. Kumbe huko Kongo sahihi ya waziri pekee haikutosha, kwani mkataba ulihitaji amri ya Rais, na amri hiyo haikuja. Badala yake, mwezi Juni 2010, Rais Joseph Kabila alitoa amri iliyowapa vitalu hivyo Caprikat na Foxwhelp, makampuni mawili yaliyoandikishwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza.

Kabla ya hayo damu ilikuwa imekwisha kumwagika. Mapema mwezi Agosti 2007 risasi zilirushwa ziwani baina ya askari wa nchi mbili, na Mwingereza mmoja aliyekuwa katika kazi ya utafiti kwa niaba ya Heritage akauawa. Mwezi uliofuata Rais Yoweri Museveni na Rais Kabila walikutana nchini mwetu, huko Arusha, katika hoteli ya Ngurdoto, na tarehe 8 Septemba wakatia sahihi mkataba kwamba alama za mpaka zihakikiwe upya na tume ya pamoja, na kwamba Rukwanzi iwe chini ya usimamizi wa pande zote mbili. Kabla mwezi huo haujaisha risasi zikalia tena, na mara hii waliokufa walikuwa raia wa Kongo waliokuwa ndani ya mashua.

Nimeyarudia maneno hayo mara kadhaa katika daftari langu, kwa sababu Mwalimu aliyaambatanisha na hesabu zifuatazo bila ya kunyanyua sauti. Mwaka 2010 Heritage iliiuzia Tullow haki zake zote za Uganda kwa takriban dola bilioni 1.45 za Marekani, na wenye hisa wakapata gawio maalumu. Serikali ya Uganda ikadai kodi ya zaidi ya dola milioni 400; Heritage ikapinga; shauri likaenda kwa wasuluhishi, na jingine likafika katika Mahakama Kuu ya London, ambayo mwaka 2013 iliamua kwamba Heritage iirudishie Tullow dola milioni 313 ambazo Tullow ilikuwa imelipa kwa niaba yake. Kila dola katika mlolongo huo ina ukurasa wake, na mwanasheria wake, na mahali inapoonekana katika hesabu. Wale wa mashuani hawaonekani popote. Mwalimu, ambaye maisha yake yote ameyatumia kuwafundisha watu mahali pa kuandika kila kitu katika vitabu vya hesabu, alisema kwamba hajui wangeandikwa wapi, na alilisema hilo kama mtu anayekiri kasoro ya fani aliyoipenda.

Vijana walitaka kusikia mifano mingine, naye akaipitia upesi: Malawi iliyoipa Surestream ya Uingereza leseni mwaka 2011 katika Ziwa Nyasa, na Tanzania mwaka uliofuata ikataka kazi isimame, mzozo ambao asili yake ni mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, Kenya iliyogawa vitalu baharini katika eneo lililodaiwa na Somalia, hata Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa hukumu tarehe 12 Oktoba 2021 sehemu kubwa ya eneo hilo ikaangukia Somalia, na Kenya ikaikataa hukumu, na Talisman ya Kanada, iliyokuwa na robo ya mradi mkubwa wa mafuta wa Sudan wakati wa vita ya kusini, mpaka makanisa na mifuko ya pensheni ya Amerika ya Kaskazini ilipoanza kuziuza hisa zake kwa sababu ya dhamiri na bei ikadumaa, ndipo ikaliuza fungu lake kwa kampuni ya serikali ya India mwaka 2003. Juu ya Talisman alisita kidogo. Wenye hisa wale, alisema, walikuwa na kitu ambacho watu wengi hawana: walijua kwamba wao ni wenye hisa.

Nami nilifikiri anawasema watu wa mbali. Hapana, alikuwa anatusema sisi.

Barabara Kuu ya Iringa iko mwendo mfupi kutoka barazani pale, na katika ardhi ya mkoa huu wa Morogoro hupita bomba la TAZAMA, kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, ambalo tangu mwaka 1968 limepitisha mafuta kwenda Zambia. Lilijengwa kwa sababu ya nchi ambayo uhalali wa serikali yake ulipingwa na ulimwengu: Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, njia ya mafuta ya Zambia ilikatika, na Tanzania ikaingia ubia katika kampuni ya bomba, theluthi moja yetu na theluthi mbili za Zambia. Wazee wa wakati ule waliujua ubia huo na sababu yake. Ulihubiriwa redioni na mikutanoni, na hata aliyekuwa hajui kusoma aliweza kueleza kwa nini fedha ya nchi yake imezikwa chini ya udongo.

Leo liko bomba la pili, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilometa 1,443, na kilometa 1,147 kati ya hizo ziko nchini mwetu. Mafuta yake ni mazito, nalo sharti lipashwe moto njia nzima. Katika kampuni yake TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda 15, CNOOC ya China 8, na Shirika letu la Maendeleo ya Petroli, TPDC, asilimia 15. Mafuta yatakayopita humo ni ya Ziwa Albert. Mojawapo ya chemchemi zake ni Kingfisher, inayosimamiwa na CNOOC, ambayo visima vyake huchimbwa kutoka ufukweni vikapinda kwenda chini ya ziwa, na ambayo iligunduliwa na Heritage katika Kitalu 3A kile kile.

Mwalimu hasemi kwamba Kingfisher inagombaniwa. Iko upande wa Uganda, na alikuwa mwangalifu kulitenga jambo hilo. Wala hasemi kwamba tulikosea kuingia. Alieleza kwamba bomba halimiliki mafuta, bali hulipwa ujira wa kuyasafirisha, na kwa hiyo mwenye hisa wa bomba huishi kwa amani ya mahali ambapo hana ardhi, wala askari, wala kiti katika tume ya mpaka. Kazi ya kuhakiki alama iliyokubaliwa Ngurdoto imekwenda kwa kusuasua miaka yote hii, na mashariki ya Kongo haijatulia. Yamkini hakuna litakalotokea. Lakini Mtanzania ambaye kodi yake imenunua sehemu ya asilimia hizo 15 alisomewa lini ukurasa ule wa nyuma, na nani?

Swali hilo sikupata wa kunijibu pale barazani. Kijana mmoja aliuliza la kwake, lililo jepesi zaidi kwa sura: mtu mwenye akiba anunue hisa za kampuni ya namna hiyo au asinunue? Mwalimu alimwuliza kama ameisoma taarifa ya mwaka, na kijana alipojibu kwamba bado, akasema basi hata swali hajawa nalo. Nilitamani aendelee, kwani mimi niliyeyasikia ya Rukwanzi nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni kwamba fedha yangu haitakwenda huko, na ningependa kusikia mtu wa elimu yake akiniunga mkono au akinipinga kwa hoja. Hakufanya hivyo. Alisema kwamba walioziuza hisa za Talisman walilala usingizi mzuri, lakini mafuta yaliendelea kuchimbwa na mwenye fungu mpya ambaye wenye dhamiri hawakuweza kumwuliza lolote. Na aliyebaki na hisa yake angaliweza kusimama mkutanoni na kuuliza. Kisha akaongeza kwamba anawajua watu waliobaki kwa hoja hiyo na wasiulize kitu mpaka gawio likaisha.

Binti mmoja, mwanafunzi wa sheria chuoni, alikuwa akiandika muda wote. Akasema, Babu, sisi tusioalikwa katika mkutano wa wenye hisa wa bomba, swali letu tulipeleke wapi? Mwalimu alimtajia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa zake huwekwa mezani Bungeni kila mwaka na mtu yeyote aweza kuzisoma, na akamtajia mbunge wake. Wakakubaliana kwamba Jumamosi ijayo watazisoma kurasa zinazohusu mashirika ya umma, kuanzia nyuma, na kwamba yeye ndiye atakayeandika barua.