Stelingi Kafa, Adui Kapeta!

Tangu utotoni tunajua sheria moja ya sinema: stelingi hafi. Atapigwa, atatoka damu, ataanguka kutoka ghorofani, lakini mwisho atasimama. Basi mwenzangu, kuna sinema moja iliyovunja sheria hiyo, na mpaka leo sijaisamehe. Inaitwa Halloween: Resurrection, ya mwaka 2002, ya nane katika mfululizo wa Halloween.

Kwanza nikurudishe nyuma kidogo. Mwaka 1978 John Carpenter alitengeneza Halloween ya kwanza kwa pesa kiduchu, kama dola 300,000 hivi. Muuaji wake, Michael Myers, hasemi wala hakimbii. Anatembea taratibu, kisu mkononi, usoni kinyago kilichonunuliwa dukani kwa bei chee kikapakwa rangi nyeupe. Binti anayewindwa ni Laurie Strode, na hapo ndipo Jamie Lee Curtis alipopatia jina.

Mimi sikuwa mpenzi wa mikanda ya kutisha. Aliyenifundisha ni dada yangu. Alikuwa ndio kwanza ametoka kwenye ndoa ya kipigo, kaja kwangu na begi moja. Usiku hapati usingizi. Mlango ukigongwa, anashtuka. Jioni moja tukakodi Halloween H20 ya mwaka 1998. Humo Laurie ni mtu mzima. Kabadili jina, ni mwalimu mkuu wa shule ya bweni California, ana mtoto wa kiume, na bado anaota jinamizi na kunywa pombe kwa kificho. Mwishoni anachoka kukimbia. Anachukua shoka, anamfuata adui yake mwenyewe, anamkata kichwa. Jamani! Dada aliruka kutoka kwenye kochi akapiga kigelegele. Usiku ule alilala fofofo.

Mkanda wa kuzingua

Kwa hiyo ya 2002 ilipotufikia, tulikaa mkao wa kula, bisi mapajani. Haikuchukua muda. Tukaambiwa aliyekatwa kichwa hakuwa Michael, bali mhudumu wa gari la wagonjwa aliyevunjwa koo asiweze kusema, kisha akavalishwa kinyago. Laurie sasa yuko hospitali ya wagonjwa wa akili. Michael anamfuata, Laurie anamnasa kwa kamba juu ya paa, anabaki ananing'inia. Lakini anataka kumvua kinyago ahakikishe, asije akaua asiye na hatia tena. Hapo ndipo anachomwa kisu na kuanguka. Kwisha habari, na sinema ndio kwanza imeanza.

Dada akanigeukia. "Mdogo wangu, miaka yote ile ya kuhangaika, ndio hivi?" Akainuka, akaenda kulala.

Nilimalizia peke yangu, na nakwambia hakukosa kitu. Wanafunzi sita wanafungiwa kwenye nyumba ya utotoni ya Michael, wamevishwa kamera, watu wanawatazama kupitia intaneti. Wazo si baya. Ila hujamjua hata mmoja vizuri, ameshachinjwa. Mwanamuziki Busta Rhymes anampiga Michael mateke ya kung fu huku anamtolea maneno. Ukishamcheka adui, utamwogopa vipi? Tyra Banks naye yumo, lakini hana cha kufanya.

Kwa nini walichemsha? Pesa. Mtayarishaji Moustapha Akkad, Msyria yule yule aliyeongoza The Message ya mwaka 1976, hakutaka Michael afe moja kwa moja. Tundu la kumrudisha lilishapangwa wakati H20 inatengenezwa. Na watu walinunua tiketi. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 30. Kwa waliohesabu mauzo haikuwa hasara. Hasara ilikuwa kwetu tuliompenda Laurie.

Si sinema tu

Utaniambia, "Acha hizo, ni sinema tu." Sawa. Lakini mwanamke aliyewahi kuishi na mtu wa kumtisha anajua kazi ilivyo kuamini kwamba yamekwisha. Kumwonyesha kwamba hata shoka halikutosha, kisha kumtupa ili nafasi wapewe vijana wa kupiga kelele, ni dharau. Muuaji akirudi, sawa, ndiyo biashara yao. Ila aliyepigana naye alistahili heshima yake.

Na wenyewe waliliona. Mwaka 2018 walitoa Halloween mpya iliyofuta kila kilichofuata baada ya ile ya kwanza, Laurie akiwa hai, mvi kichwani, bunduki mkononi. Mwaka 2022, katika Halloween Ends, alimuua Michael, na mwili ukasagwa kwenye mashine mbele ya watu wa mji. Safari hii hakuna cha mhudumu wala nini.

Nilimwita dada tuitazame pamoja. Siku hizi ana nyumba yake, na mlango ukigongwa anaitikia tu, "Karibu!" Alitazama mpaka mwisho, akavaa viatu, akaniambia, "Sasa hapo sawa. Wakitoa nyingine, usiniite."