Goma: Uso wa mbwa juu ya shaba, kazi ya mikono inayoweza kupata nafasi Majengo

Kipande cha shaba nyekundu chenye upana wa sentimeta 10, urefu wa 15 na unene wa nusu milimeta kina uzito wa gramu 67 hivi. Kinaingia ndani ya bahasha. Juu yake fundi anaweza kuchora uso wa mbwa wa nyumbani, paka au mbuzi wa mtoto, kisha mchoro huo ukaliwa na dawa mpaka uingie ndani ya chuma. Mvua haiufuti. Simu ikiibwa, wenyewe unabaki ukutani.

Katika nchi nyingi, watu huagiza sura za namna hii kwa siku ya kuzaliwa, kwa ndoa, na zaidi mnyama anapokufa. Kwa vijana wa Majengo, katika komine ya Karisimbi, ambako wengi wanajua tayari kukata tole na kusudeya milango, ni kazi isiyo mbali na mikono yao.

Wengine watacheka: nani Goma atalipa feza kwa ajili ya sura ya mbwa? Lakini wakaaji wa Kivu ya Kaskazini wanajua vizuri kwamba mnyama anaweza kuliliwa. Septemba 26, 2021, Ndakasi, sokwe wa mlima aliyelelewa katika kituo cha Senkwekwe huko Rumangabo, alikufa mikononi mwa mlinzi wake, André Bauma. Bauma ndiye aliyemlea tangu mwaka wa 2007, wakati walinzi walipomkuta mtoto huyo wa miezi miwili ameshikilia mwili wa mama yake aliyeuawa. Picha ya mtu huyo amemkumbatia sokwe wake ilizunguka dunia nzima. Haikuwa picha ya mnyama tu. Ilikuwa picha ya miaka 14 ya maisha ya pamoja.

Majengo nayo ina hesabu yake. Mei 22, 2021, moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka Buhene, kwenye mlango wa mji. Mei 27, uongozi wa jimbo uliamuru kartie 10 zihame, na Majengo ilikuwa ndani ya orodha hiyo. Watu walitoka na watoto, magodoro na masufuria kuelekea Sake, Rutshuru na Gisenyi. Katika mkimbio kama huo, mnyama mara nyingi hubaki nyuma, na picha za familia nazo hubaki. Mwisho wa Januari 2025 vita vilifika mjini, na wengi wakapoteza tena kile walichokuwa wameweka. Ndiyo sababu kitu kidogo, chepesi na kisichooza kina maana kwa watu waliozoea kukimbia.

Shaba si mgeni kwetu

Kongo ilichimba zaidi ya tani milioni 3 za shaba mwaka wa 2024 na ni ya pili duniani nyuma ya Chile. Lakini kabla ya makampuni, kulikuwa mafundi. Katika makaburi ya zamani ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta misalaba midogo ya shaba iliyotumiwa kama mali na feza. Wayeke wa Bunkeya, wakati wa mfalme Msiri aliyeuawa Desemba 1891, walijua kuvuta shaba mpaka iwe waya mwembamba wa bangili. Katanga ilipojitenga mwaka wa 1960, iliweka misalaba mitatu ya shaba kwenye bendera yake. Na kuanzia 1971 mpaka 1997, jimbo lenyewe liliitwa Shaba.

Mpaka leo, Lubumbashi inajulikana kwa picha za shaba zilizopigwa kwa nyundo kutoka upande wa nyuma: wanawake wanaotwanga, wavuvi, tembo. Sura inayoliwa na dawa ni ndugu wa kazi hiyo. Tofauti ni kwamba nyundo inainua chuma, na dawa inakichimba.

Ulaya waliitumia kwanza kupamba silaha, kisha kuchapa picha. Karibu mwaka wa 1640, mchoraji Rembrandt wa Uholanzi alichora hivyo mbwa mdogo aliyelala, juu ya kipande cha shaba kidogo kuliko kiganja. Mfalme hayumo ndani ya picha hiyo, wala malaika. Kuna mbwa na usingizi wake, na watu bado wanaiangalia.

Namna inavyofanywa

Kwanza shaba inasuguliwa na kuoshwa mpaka isibaki alama ya kidole, kwa sababu mafuta ya mkono yanazuia verni kushika. Kisha inapakwa verni ya nta na lami, nyembamba na sawa kila mahali, hata nyuma na pembeni. Ikikauka, fundi anachora kwa sindano, akifuata picha ya mnyama. Hakati chuma, anaondoa verni tu.

Hapo ndipo ufundi unaonekana. Manyoya hayachorwi ovyo: yanafuata njia yake, kutoka puani kwenda masikioni, na kila mstari una urefu wake. Jicho huachiwa alama ndogo ya mwangaza isiyoguswa na sindano. Alama hiyo ikipotea, mnyama anaonekana amekufa. Wengine huchapa picha kwa mashine na kuihamisha juu ya shaba kwa pasi ya moto. Ni haraka, lakini mkono wa fundi hauonekani tena, na mteja analipia mkono huo.

Baadaye kipande kinaingia ndani ya perklorire ya feri, dawa ambayo watengenezaji wa redio na simu wanaijua. Kinalazwa uso chini, bila kugusa sakafu ya chombo, ili uchafu uanguke usizibe mistari. Nusu saa mpaka saa moja hutosha mara nyingi. Kwa baridi ya Goma inachukua muda zaidi kuliko chombo kikiwekwa juani. Mwisho kinaoshwa, verni inatolewa kwa petroli, wino mweusi unajazwa ndani ya mistari, na uso unasuguliwa mpaka ung'ae.

Hatari mbili

Ya kwanza ni ya mwili. Glavu na miwani ni lazima, na dirisha liwe wazi. Fundi asijaribu dawa hiyo juu ya aliminiamu ya sufuria wala bati lenye zinki: inachemka ghafla na kutoa mvuke unaochoma koo.

Ya pili ni ya mji mzima. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkeno yenye matundu. Kinachomwagwa uani hakikai hapo. Kinashuka kuelekea ziwa, na maji ya Kivu ndiyo tunayokunywa. Dawa iliyokwisha kula shaba inaua samaki. Inapaswa kutiwa soda au chokaa kidogo kidogo mpaka tope lishuke chini, kisha tope likaushwe na kufungwa ndani ya bidoni, mbali na watoto. Atelie isiyoweza kufanya hivyo isianze.

Kuna pia swali la mahali shaba inapotoka. Waya wa umeme uliokatwa usiku unaacha barabara nzima gizani, na anayeununua anamlipa mwizi. Fundi anayetaka jina zuri anunue kwa risiti, au aanze na tole la chuma cha kawaida. Nalo linaliwa na perklorire vizuri, sharti lipakwe verni lisishike kutu.

Feza iko wapi?

Kwa bei ya soko la dunia ya mwaka 2024, karibu dola 9 kwa kilo, gramu 67 za shaba ni senti 60 hivi za dola. Hata ukiongeza usafiri, dawa na fremu, kilicho ghali ni siku nzima ya fundi. Tangu benki zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025 na wageni wengi kuondoka, feza mjini ilikuwa ngumu. Mteja wa kwanza anaweza kuwa ndugu aliye mbali: anatuma picha kwa simu, analipa nusu kwa feza za simu, na nusu nyingine baada ya kuonyeshwa kazi iliyokwisha.

Na mnyama si lazima awe mbwa wa tajiri. Anaweza kuwa dende wa mtoto, ng'ombe aliyelipa masomo, au paka aliyelinda unga na panya. Kinachohitajika ni picha moja iliyo wazi, iliyopigwa mchana, macho yakionekana. Ambaye bado anaye mnyama wake ampige leo.